Kitanda Huchaguliwa Siku ya Kujaza Kozi

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka mwezi Julai, katika nyumba nyingi za Bulwa, Kwamkoro na Amani, huku kwetu Usambara Mashariki, mazungumzo huwa ni kozi. Sheria au ualimu? Ualimu au uhasibu? Baba ana lake, mjomba aliyeko Tanga mjini anapiga simu na lake, na mtoto mwenyewe mara nyingi yuko kambini JKT, simu yake imebaki nyumbani kwenye kabati. Habari ya wapi atakwenda kulala kwa miaka yote ya masomo huwekwa kiporo mpaka Oktoba, wakati wa kufunga begi.

Kwa vyuo vingi hilo halina madhara makubwa. Kwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), ambacho ndicho kinachotajwa kwanza na karibu kila kijana wa huku mwenye alama za kuringia, lina madhara. Chuo hicho hakiko mahali pamoja. Ukijaza kozi umejaza na mji, umejaza na hali ya hewa, na kwa sehemu kubwa umeshajaza na kitanda. Haya ninamwandikia anayejaza, na zaidi mzazi anayelipa nauli.

Historia kidogo, maana ndiyo inayoeleza kwa nini mambo yako hivyo. Chuo kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, katika jengo la chama cha TANU pale mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria na kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Makerere na Nairobi. Mwaka 1964 kikahamia kampasi ya Mlimani. Enzi hizo hesabu ilikuwa nyepesi: sheria Dar es Salaam, udaktari Makerere, uhandisi Nairobi. Kijana wa Moshi aliyetaka kuwa mhandisi alipanda basi kwenda Nairobi na hakuna aliyemwonea huruma. Kozi ndiyo iliyokuchagulia mji. Mwaka 1970 kila nchi ikachukua chuo chake, lakini tabia hiyo haikufa, ilihamia ndani ya nchi. Kilimo kilikuwa Morogoro, ambako mwaka 1984 kikawa Chuo Kikuu cha Sokoine. Udaktari ulikuwa Muhimbili, na ardhi na majengo vilikuwa pale jirani na Mlimani. Hivyo viwili vikawa vyuo vikuu kamili mwaka 2007. Na mwaka 2005 Mlimani ilipata vyuo vishiriki viwili vya elimu: Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam, kile cha Chang'ombe kinachojulikana kama DUCE, kilichorithi chuo cha ualimu, na Mkwawa, Iringa, kilichorithi sekondari maarufu ya jina hilohilo.

Kwa hiyo leo mtu akisema "nimechaguliwa UDSM" hajasema yuko wapi. Anaweza kuwa Mlimani. Anaweza kuwa Chang'ombe, Temeke, upande mwingine wa jiji. Anaweza kuwa Iringa. Akiwa wa kompyuta, vipindi vyake viko kampasi ya Kijitonyama. Akiwa wa udaktari wa binadamu, anatakiwa Mbeya, kwenye chuo cha sayansi za afya, na mzazi aliyeshona mfukoni nauli ya Dar anapaswa kuanza hesabu upya.

Ndiyo maana nasema, katika mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) soma mstari mzima. Watu husoma jina la kozi na alama zinazotakiwa, kisha wanafunga. Hapo hapo pana msimbo wa kozi na jina la chuo kinachoifundisha, na hilo jina ndilo anwani yako. Kuhama baada ya kuchaguliwa kupo, lakini kuna tarehe zake, nafasi lazima iwepo kule unakotaka, na vigezo uwe navyo. Usiingie kwa nia ya kuhama. Ni sawa na kupanda basi la Korogwe huku unatarajia dereva abadili mawazo.

Watakaonufaika zaidi na ushauri huu ni wale wa ualimu, kwa sababu wao ndio wenye uchaguzi wa kweli. Shahada za ualimu zinapatikana Mlimani, Chang'ombe na Mkwawa, na mwisho wa safari cheti ni cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, popote uliposoma. Mwajiri akishika cheti chako hataona ulilala wapi. Basi hapa uko huru kuchagua kwa vigezo vya maisha, na vigezo vya maisha si vya kudharau, maana mwanafunzi anayelala vibaya na kula mara moja kwa siku hata maktaba haimsaidii.

Nianze na Iringa, kwa sababu ndiko wengi wa huku hawataki hata kukusikia. "Mbali." Ndiyo, ni mbali. Unashuka Muheza, unapita Segera hadi Chalinze, na pale ambapo wenzako wanaendelea kushoto kuingia Dar wewe unashika njia ya Morogoro, unapita Mikumi, unapanda Kitonga. Ukichelewa kushuka Muheza kwa sababu barabara yetu imekuwa tope, andaa fedha ya kulala njiani. Lakini safari hiyo unaifanya mara chache kwa mwaka. Kutoka chumbani kwenda darasani ni kila siku. Katika mji mdogo kama Iringa safari hiyo ya kila siku ni ya kutembea au ya daladala moja, chumba cha mtaani ni nafuu kuliko cha Dar, chakula ni nafuu, na vishawishi vya kutumia fedha ni vichache. Baridi isikutishe, ingawa si ileile yetu. Ya huku ni ya ukungu na mvua. Ya Iringa, hasa Juni na Julai, ni ya upepo mkavu unaopasua midomo. Sweta unalo tayari, nunua mafuta ya kujipaka.

Kwa kijana ambaye hana ndugu wa karibu Dar es Salaam, ambaye familia yake inaishi kwa chai na iliki, na ambaye anataka kuwa mwalimu wa sekondari, mimi ningejaza Mkwawa kwanza. Najua wengi hawatakubaliana nami. Kuna kitu kinaitwa jina, na kusema "nipo Mkwawa" hakusikiki kijijini kama kusema "nipo Mlimani". Lakini jina hilo halilipi kodi.

Chang'ombe ni hadithi nyingine. Ni chuo cha mjini kwa kila maana, kimebanwa na mji pande zote, na viwanja vya mpira vya Uhuru na Benjamin Mkapa viko jirani. Siku ya Simba na Yanga usipange kusoma wala usipange kusafiri; magari husimama, na kelele zinaingia hadi chumbani. Kwa anayependa mpira ni peponi. Nafasi za kulala ndani ya chuo hazitoshi wanafunzi wote, hivyo wengi hupanga Temeke na mitaa ya karibu. Faida yake ni kwamba uko Dar, karibu na Kariakoo, na ukiwa na ndugu upande wa Temeke au Mbagala unaweza kukaa kwake bila kuvuka jiji zima. Hapa neno "upande" lina uzito kuliko watu wanavyodhani.

Nisimame kidogo kwenye hili la ndugu, maana ndilo linalovunja watoto wengi wa huku milimani. Mzazi wa Bulwa akisikia mtoto amechaguliwa Dar, anashukuru Mungu kwamba kuna shangazi Gongo la Mboto. Shangazi naye hakatai. Nani atamkatalia kaka yake? Lakini Gongo la Mboto na Mlimani ni ncha mbili za jiji. Vipindi vya saa moja asubuhi vipo, na vya jioni vipo. Mtoto anaamka saa kumi alfajiri, anabadilisha daladala, anafika amechoka. Jioni anarudi saa tatu usiku na vyombo vinamsubiri. Na hapo hatujasema kazi za nyumbani: kuna watoto wa kusaidiwa hesabu, kuna duka la kukaa Jumamosi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na huyu atakaa miaka mitatu. Hakuna ubaya wa mtu hapa. Shangazi anafanya wema kwa uwezo wake, na mtoto anafanya adabu kwa uwezo wake, lakini masomo ndiyo yanayolipa.

Mwenye kutaka kumtumia ndugu afanye hivi: achukue ramani kwenye simu, aangalie kutoka nyumba ya ndugu hadi chuo husika, kisha ampigie mtu anayeishi huko na kumuuliza safari hiyo inachukua muda gani saa kumi na mbili asubuhi, siku ya kazi, mvua ikinyesha. Jibu likizidi saa moja, huyo ndugu awe wa kumtembelea Jumapili na wa kukimbilia ukiugua. Na kama mtaishi pamoja, wazazi wazungumze mambo ya chakula na nauli mapema, wao kwa wao, wakubwa kwa wakubwa. Mtoto asiachiwe kulizungumza yeye. Atanyamaza, na ukimya wake utaonekana kiburi.

Sasa Mlimani yenyewe. Kuchaguliwa Mlimani hakumaanishi utalala Mlimani. Wanafunzi ni wengi kuliko vitanda, tangu zamani. Ndani ya kampasi kuna mabweni ya zamani ambayo wanafunzi huyaita kwa namba tu, Hall 1, Hall 2 na kuendelea. Kuna Mabibo, ambayo iko nje ya kampasi, kandokando ya barabara ya Mandela. Na kuna yale ya Magufuli, majengo 20 yaliyofunguliwa Aprili 2017 yenye uwezo wa kuchukua wanafunzi 3,840, yaani 192 kila jengo. Maombi ya chumba hufanyika kwenye mfumo wa chuo, baada ya kupata namba ya usajili, na mara nyingi nafasi hujaa haraka kuliko unavyofikiri. Ukipata namba leo, omba leo. Mwenye ulemavu au ugonjwa unaohitaji uangalizi aambatishe barua ya daktari mapema, kwa kuwa hawa hufikiriwa kwanza, na daktari wa hospitali ya wilaya Muheza hatakuandikia barua kwa simu ukiwa umeshafika Ubungo.

Ukipewa nafasi, lipia ndani ya siku ulizopangiwa. Bweni la chuo ni rahisi mno ukilinganisha na chumba cha mtaani, na ukilikosa kwa kuchelewa kulipia utakuja kulia.

Kati ya hayo matatu, lipi? Ukiweza kuchagua, chagua kwa kuangalia madarasa yako na maktaba, basi. Mabweni ya namba yako ndani kabisa: unatoka chumbani, dakika chache uko Yombo kwenye kumbi za mihadhara, na usiku unaweza kurudi maktaba bila nauli. Maktaba mpya, ile iliyofunguliwa Novemba 2018, inaweza kukalisha watu 2,100 kwa wakati mmoja, na wakati wa mitihani ndiyo inayowatenganisha waliolala karibu na waliolala mbali. Mwenye kulala karibu anakwenda akipenda, anarudi kula, anakwenda tena. Mwenye kulala mbali akishatoka ametoka. Ubaya wa mabweni haya ni uzee na maji. Siku maji yakikatika unabeba ndoo hadi ghorofani, kwa hiyo ndoo yenye mfuniko ni kitu cha kwanza kununua, kabla ya redio na kabla ya zulia. Majengo ya Magufuli ni mapya zaidi, ila yanachukua watu wengi na kelele zake ni za watu wengi. Mabibo ina watu wake wanaoipenda, wanaosema kuna uhai, kuna maduka, kuna chipsi usiku kucha. Mimi kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyetoka huku siipendi, kwa sababu ya ile safari ya kwenda kampasi, na kwa sababu hizo chipsi za usiku kucha ndizo zinazomaliza bumu, yaani posho ya mkopo.

Na sasa kubebana. Huu ni utaratibu ambao haumo kwenye kitabu chochote cha chuo lakini kila mwanafunzi anaujua. Aliyepata kitanda anambeba rafiki yake aliyekosa. Godoro la futi mbili na nusu, watu wawili wazima, wamelala mzungu wa nne, miguu ya huyu usoni kwa yule. Begi la mgeni chini ya kitanda, na mswaki wake umefichwa kwenye mfuko wa suruali, maana ukaguzi ukipita mswaki wa ziada ni ushahidi. Sheria za mabweni hazikubali, na anayeumia zaidi ni mwenye kitanda, anayeweza kunyang'anywa. Wazazi wengi hawajui kwamba mtoto wao anayesema "nimepata pa kulala" amebebwa. Muulize: jina lako limetoka kwenye orodha? Kama halikutoka, usimfokee. Kubebana wiki mbili tatu wakati unatafuta chumba ni jambo la kawaida na limewaokoa wengi. Kubebana mwaka mzima ni kusoma ukiwa na deni la shukrani kila usiku, na urafiki mzuri mwingi umefia kwenye godoro hilo.

Aliyekosa bweni atapanga. Mitaa ya wanafunzi wa Mlimani inajulikana: Changanyikeni, Msewe, Savei, Makongo, na upande wa pili Sinza na Ubungo. Changanyikeni na Msewe unaweza kutembea hadi kampasi, Sinza ni ya daladala. Wanaume huita chumba hicho geto na wakipata watatu wanagawana. Hapa hesabu ifanyike na kalamu. Chukua mfano wa chumba cha shilingi 80,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba wa Dar hataki kodi ya mwezi mmoja. Anataka miezi sita, hiyo ni 480,000. Dalali aliyekupeleka anataka ya mwezi mmoja, 80,000. Umefika 560,000 na bado hujanunua godoro, jiko la gesi, wala umeme wa Luku. Sasa weka mkopo upande wa pili: posho ya chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo ni shilingi 10,000 kwa siku, na inakuja kwa mafungu, yaani fungu la siku 60 ni 600,000. Kodi na dalali vimekula karibu fungu zima, na hujala. Ndiyo maana watu wanagawana chumba, na ndiyo maana bweni la chuo, hata lenye ndoo za maji, ni mali.

Tena fungu la kwanza la mwaka wa kwanza lina tabia ya kuchelewa. Majina yanahakikiwa, akaunti zinarekebishwa, kuna kusaini, na mwanafunzi yupo Dar es Salaam anakunywa chai ya rangi. Mtoto asipande gari bila fedha ya kula ya mwezi mzima, mbali na ada, mbali na nauli. Kama lazima uchague kati ya kumnunulia simu nzuri na kumpa fedha hiyo, simu itasubiri.

Dalali naye ana adabu zake. Usilipe chumba ambacho hujaingia ndani. Usitume kodi kwa namba ya simu ya mtu uliyemwona kwenye kundi la WhatsApp, hata kama picha ni nzuri na jina la kundi lina neno "Mlimani". Fungua bomba, washa taa, uliza Luku ni ya chumba au ya nyumba nzima, uliza choo mnatumia wangapi. Mkataba uandikwe, hata kwa mkono, na mjumbe ajulishwe. Hii haina tofauti na kununua shamba kwetu. Tunawaita majirani wa mipaka yote, sasa kwa nini chumba cha nusu milioni kinunuliwe kimyakimya?

Kwa watoto wa kike nina neno la ziada. Kitanda cha ndani ya kampasi kwao kina thamani maradufu, kwa sababu ya njia ya usiku. Sehemu kati ya kampasi na mitaa ya jirani zina giza, na mwanafunzi akitoka kwenye kipindi cha jioni au maktaba anapita huko peke yake. Familia ikiwa na mtoto wa kiume na wa kike wanaosoma mwaka mmoja na fedha ya hosteli nzuri ni ya mmoja tu, huku kwetu mara nyingi anapewa wa kiume, kwa hoja kwamba wa kike atakaa kwa shangazi. Mimi ningegeuza. Yeye apangiwe hosteli yenye mlinzi na geti; wa kiume atafute wenzake wa kugawana geto.

Joto halisemwi sana lakini linasumbua. Mtoto aliyelala na blanketi mbili tangu azaliwe anafika Dar mwezi Novemba na hawezi kulala. Chandarua ni lazima, feni ndogo ni busara, na mzazi asishangae akiambiwa mtoto anasoma usiku wa manane na kulala mchana. Anafuata baridi ilipo.

Wapo pia watakaouliza, kwa nini asisome hukuhuku milimani? Swali zuri. Lushoto kuna Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998, na anayetaka kuanza na astashahada au stashahada ya sheria asikidharau. Wapo wengi waliopitia njia hiyo kisha wakaenda kuchukua shahada. Ila tusijidanganye kwamba ni karibu na nyumbani. Sisi ni Usambara Mashariki na Lushoto ni Magharibi, katikati kuna bonde la Lwengera. Kutoka Bulwa unashuka Muheza, unazunguka Segera na Korogwe hadi Mombo, ndipo unapanda tena. Ukifika utakuta watu wanaoongea Kisambaa kama wewe, hilo ni faraja, lakini utahitaji kitanda kama tu ungekuwa Iringa.

Na wale wachache watakaovuka mpaka. Makerere, iliyoanza mwaka 1922, ndiko walikosoma Nyerere na Mkapa, na bado inapokea Watanzania. Huko suala la bweni lina sura tofauti na Dar: kila mwanafunzi hupewa bweni lake la kimaandishi, hata kama analala mtaani Wandegeya. Mabweni yana majina na ukoo: Lumumba, Livingstone, Mitchell, Nkrumah, Nsibirwa ambayo zamani iliitwa Northcote, Mary Stuart na Africa za wanawake. Yana nyimbo, yana utani, yana uadui wa kupigiwa ngoma, na Lumumba na Mary Stuart wanahesabiana ndugu. Kwa mgeni anayetoka mbali hilo lina faida ya kweli. Unapata watu wa kukuita kwa jina la nyumba wiki ya kwanza, kabla hujapata rafiki hata mmoja. Ukiweza kupendekeza, angalia umbali wa kitivo chako kwanza na sifa za bweni baadaye, na usiende kwenye bweni lenye sifa ya fujo kwa sababu tu lina sifa.

Oxford na Cambridge ndiko mtindo huu ulikofikia kilele chake. Kila kimoja kina vyuo vya ndani zaidi ya 30, kila chuo kina vyumba vyake, chumba cha kulia chake, maktaba yake, na wanafunzi wa shahada ya kwanza hufundishwa kwa vikundi vidogo humo. Mitihani na shahada ni za chuo kikuu chenyewe. Wakati wa kuomba unaweza kutaja chuo unachokitaka au kuacha wazi wakupangie. Kijana wetu akifika hatua hiyo, mara nyingi itakuwa kwa shahada ya uzamili na kwa ufadhili, na maswali yake ni mawili: chuo hicho kinakuhakikishia chumba kwa muda gani, na kama una mke na mtoto, kinapokea familia? Vipo vya wanafunzi wa uzamili tu, kama Wolfson na St Antony's vya Oxford, na mtu mzima anayetoka Tanzania huona ni rahisi zaidi kuishi na wazima wenzake kuliko kupangwa na vijana wa miaka 18. Uzuri wa majengo usikushughulishe sana, maana mengi ni mazuri na mengi yana baridi.

Nirudi kwenye fomu, kwa sababu muda wenyewe ni mfupi. Hapa kwetu anayejaza mara nyingi si mwombaji wala mzazi, ni kijana wa steshenari kule Muheza. Anajua kompyuta, ana haraka, na siku hiyo ana foleni ya watu kumi. Mpelekee karatasi iliyoandikwa tayari: kozi, msimbo, jina la chuo kinachoifundisha, kwa mpangilio unaoutaka, na umsimamie pembeni akiandika. Mtoto akiwa JKT, mambo haya yazungumzwe kabla hajaondoka, na aache karatasi hiyo nyumbani kwa mwandiko wake. Namba ya simu itakayojazwa iwe ya mtu wa nyumbani ambaye laini yake haifungwi, kwani mwombaji akichaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja hutumiwa namba ya siri ya kuthibitisha kwa ujumbe wa simu, na asipothibitisha ndani ya siku zilizotangazwa nafasi inakwenda kwa mwingine. Ujumbe huo ukiingia kwenye simu ya kijana wa steshenari aliyekwisha kubadili laini, hakuna wa kumlaumu. Na kwa huku Bulwa, mwenye kupewa kazi ya kushika simu hiyo awe anajua ni sehemu gani ya kijiji mtandao unashika, apande huko kila jioni hadi ujumbe uingie.